Uji mzito, tumbo dogo

Msimu wa mavuno, ukisafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, utadhani hakuna mtu wa mikoa hii anayejua njaa. Chimala utaona magunia ya mchele. Makambako malori yanapakia mahindi mchana na usiku. Ukisogea mbele kidogo, viazi mviringo vimepangwa kando ya barabara kwenye ndoo zilizojazwa mpaka zikaota kilima juu. Kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya nimeipita njia hii mara nyingi, na kila mara swali linalonisumbua ni lile lile.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa idadi hiyo ilikuwa karibu 57. Njombe na Rukwa ilikuwa kama 50. Ndiyo mikoa tunayojivunia kuwa inalisha nchi.

Inakuwaje mtoto adumae huku ghala limejaa? Sababu ziko nyingi, na wataalamu hawachoki kuzitaja: kuharisha mara kwa mara, maji yasiyo salama, mama aliyelemewa na kazi, mlo wa aina moja asubuhi mpaka jioni. Leo nachagua sababu moja tu, ile iliyomo ndani ya sufuria ya uji. Nimeichagua kwa sababu nimeiona kwa ndugu zangu, na kwa sababu dawa yake karibu kila mama wa Nyanda za Juu Kusini anaijua, ila anaitumia kwa kazi nyingine.

Kadi ya kliniki

Dada yangu ameolewa kijijini Iringa. Anauza mboga sokoni, anatoka alfajiri na kurudi jua likielekea kuzama. Binti yake hushinda na bibi yake mzaa baba. Mwaka jana nilipowatembelea, mtoto alikuwa na miezi 11. Alikuwa mchangamfu, akitambaa nyuma ya kuku uani.

Dada alinipa kadi ya kliniki niitazame, bila kusema neno. Mstari wa uzito ulipanda vizuri mpaka mwezi wa sita. Kuanzia hapo ulianza kulala. Uzito ulikuwa kilo 7.2 na urefu sentimita 67. Muuguzi alikuwa amemweleza kuwa kwa urefu mtoto ameshaanguka chini ya mstari.

“Mdogo wangu, anakula,” dada aliniambia. “Kila siku anakula mpaka anasukuma kijiko. Sasa mimi nifanye nini zaidi?”

Alikuwa anasema kweli. Nilimwona mtoto akila. Bibi yake alimpikia uji wa sembe, akampa kikombe kizima asubuhi na kingine jioni, na mtoto alishiba kweli. Katikati ya hapo alipewa vipande vya ugali na mchuzi. Usiku alinyonya. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa akimnyima chakula.

Kuelewa kilichokuwa kinaendelea, inabidi tuingie kidogo ndani ya punje ya mhindi.

Sukari iliyofungwa mnyororo

Mmea hutengeneza sukari kwa kutumia jua, maji na hewa. Sukari hiyo ni glukosi, ile ile inayozunguka kwenye damu yako sasa hivi. Lakini mmea hauwezi kuweka akiba ya glukosi ikiwa moja moja, kwa sababu huyeyuka kwenye maji na kuvuruga maji yaliyomo ndani ya chembe hai. Kwa hiyo unaziunganisha, mia kwa maelfu, kama shanga kwenye uzi. Mnyororo huo ndio tunaouita wanga.

Wanga una minyororo ya namna mbili. Mmoja ni mrefu na karibu hauna matawi, unaitwa amilosi. Wa pili una matawi mengi kama mti, unaitwa amilopektini. Yote miwili imepakiwa kwenye vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na punje ya mhindi imejaa vidonge hivyo. Waliosoma sekondari watakumbuka lile tone la ayodini juu ya kiazi, likageuka buluu karibu na nyeusi. Pale ulikuwa unauona wanga.

Sasa jambo la kushangaza. Bua la mhindi na gunzi navyo vimejengwa kwa kiasi kikubwa na glukosi hiyo hiyo. Tofauti ni jinsi zilivyoshikana. Kwenye bua, kila glukosi imegeuzwa kinyume na jirani yake, hivyo mnyororo unanyooka, unalala sambamba na mingine na kukamatana nayo kama nyuzi za kamba. Hiyo ni selulosi, na ndiyo inayolifanya bua lisimame kwenye upepo. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Ng'ombe wa Tukuyu anakula mabua na kukupa maziwa kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wanaoikata kwa niaba yake. Kwetu sisi selulosi inapita kama nyuzinyuzi. Inasaidia choo kuwa laini, lakini kwa nguvu haitupi karibu chochote.

Na sisi wanyama tuna mnyororo wetu wa akiba: glaikojeni, wenye matawi mengi kuliko hata wa mmea. Unakaa kwenye ini na kwenye misuli. Mtu mzima ana kama gramu 100 tu kwenye ini, mtoto ana chini ya hapo. Usiku kucha ini linakata vipande vya mnyororo huo ili ubongo usikose sukari. Asubuhi akiba ya mtoto imepungua sana. Ndiyo maana mwanafunzi anayekwenda shule bila kifungua kinywa anasinzia saa nne, na mwalimu anamwita mvivu.

Sukari ni ile ile, imefungwa kwa namna tatu: chakula, nguzo na akiba ya mwili. Turudi sasa kwenye sufuria.

Kinachotokea kwenye moto

Ukikoroga unga kwenye maji baridi, unazama chini. Ukiuweka motoni, vidonge vya wanga vinaanza kunywa maji. Vinavimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa mwanzo, vinapasuka, na minyororo inatoka nje na kuyashika maji yote yaliyo jirani. Uji unakuwa mzito. Uzito tunaouona kwenye kijiko ni maji yaliyokamatwa na wanga, na unga kidogo sana unatosha kuyakamata.

Hapa ndipo hesabu inapomwumiza mtoto. Chukua kikombe cha mililita 200. Uji unaomiminika vizuri, ule ambao mtoto mdogo anaumeza bila kukabwa, unaweza kuwa na gramu 10 tu za unga, yaani kama kijiko kimoja cha chakula. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kilokalori 350, kwa hiyo kikombe kile kina kama 35.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Kwa uji ule, hivyo ni karibu vikombe tisa. Na tumbo la mtoto kwa mlo mmoja hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa binti wa dada yangu hiyo ni kama mililita 215, kikombe kimoja na kidogo. Alikuwa anapewa viwili kwa siku.

Unaweza kusema: basi aongeze unga. Akiweka gramu 40 kwenye kikombe kile kile, atapata kilokalori kama 140, mara nne ya mwanzo. Lakini uji huo hauwi uji tena, unakaribia kuwa ugali. Mtoto wa miezi 11 atameza vijiko vitatu, atachoka kutafuna na kugeuza uso. Akiuzimua kwa maji, tumerudi tulikotoka.

Kwa hiyo mtoto yuko katikati ya mambo mawili: uji mwepesi unaojaza tumbo kwa maji, na uji mzito usiopita kooni. Anashiba, lakini hakui.

Mate na kimea

Kila mzazi amewahi kuona jambo hili. Mtoto ameonja uji, kijiko kimerudi kikombeni, uji umebaki mezani nusu saa. Ukirudi, umekuwa maji. Wengine husema umeharibika. Kilichotokea ni kwamba mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, mkasi mdogo unaokata minyororo ya wanga. Minyororo ikikatwa vipande vifupi, haiwezi tena kuyashika maji. Ndiyo sababu pia ukitafuna ugali muda mrefu bila kumeza, unaanza kuona utamu: sukari inafunguliwa.

Kichanga ana mkasi huo kwa uchache sana, kwa kuwa kongosho lake bado halijaanza kuutoa wa kutosha. Ni moja ya sababu za kumnyonyesha maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo.

Mbegu nayo ina mkasi wake. Inapoota, inahitaji kuila akiba yake ya wanga kabla majani hayajatoka, hivyo inatengeneza amilesi nyingi. Ukiikausha mbegu iliyoota na kuisaga, mkasi unabaki ndani ya unga. Unga huo ni kimea. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitoa kimeng'enya hiki kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833, na kilikuwa cha kwanza duniani kutengwa. Lakini wanawake wa Iringa na Mbeya hawakumsubiri Mfaransa. Komoni na kimpumu hazipikiki bila kimea. Togwa ya sherehe haitoki bila kimea.

Kuna Mtanzania aliyeliona hilo na kulipeleka kwenye uji wa mtoto. Mwaka 1983 mtafiti A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha kazi yao juu ya uji wa watoto uliolainishwa kwa unga wa nafaka iliyooteshwa. Mwaka 1990 wakachapisha utafiti wao wa kijiji cha Luganga, Iringa, wakiangalia kama uji huo unapokelewa na watoto wanakula kiasi gani. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1983 hadi 1988, Iringa ilikuwa na mpango mkubwa wa lishe ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168, watoto wakapimwa uzito kijijini kwao na wazazi wakajadili majibu wenyewe, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Namna wataalamu duniani wanavyochambua sababu za utapiamlo leo ilichukua mengi kutoka Iringa.

Bibi na sufuria yake

Nyumbani kwa dada yangu kimea hakikuwa mbali. Mama mkwe wake ni mpishi wa komoni, na kimea cha ulezi kilikuwa kwenye mfuko juu ya dari la jiko.

Jioni ile nilimwamkia, “Kamwene, mama,” nikamwomba kijiko kimoja.

“Cha nini, mwanangu?”

“Cha uji wa mjukuu wako.”

Alicheka. “Unataka kumlewesha mtoto?”

Nikamweleza kuwa pombe hailetwi na kimea peke yake. Inaletwa na hamira inayokula ile sukari kwa siku kadhaa. Uji unaoliwa saa hiyo hiyo hauna kilevi. Akanikubalia, kwa shingo upande.

Tulipika uji mzito sana, kijiko kikasimama. Tukauepua, ukapoa mpaka ukawa wa moto wa kuvumilika. Nikaweka kijiko cha kimea na kukoroga. Dakika chache baadaye ulikuwa unamiminika.

Mama mkwe aliinamia sufuria, kisha akanitazama. “Umeuharibu. Huu ni uji wa mgonjwa. Mgeni akikuta mjukuu wangu anakunywa uji wa maji, atasema nini juu ya nyumba hii?”

Maneno yale yalinigusa kuliko takwimu zote nilizowahi kuandika. Kwetu uji mzito ni heshima. Uji mwepesi ni dalili kwamba unga umekwisha. Bibi anayempa mjukuu uji mzito anatoa upendo kwa kipimo alichorithi, na kipimo hicho ni kijiko kinachosimama.

Dada yangu ndiye aliyemjibu. “Mama, unga si uko humo humo? Umeuona ukiingia. Hatujamwaga hata kidogo.”

Mama mkwe alinyamaza muda. Akachukua kijiko, akaonja. “Una utamu,” akasema. Halafu, kana kwamba anaongea na moto: “Zamani tulipokuwa tunapeleka watoto kupimwa chini ya mti, walitufundisha hiki kitu. Nilikuwa na mtoto wa kwanza. Mbona nilisahau?”

Mtoto alimaliza kikombe.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Ulezi ndio rahisi zaidi. Uchambue, uoshe vizuri, uloweke kwa maji safi usiku mmoja. Umwage maji, uutandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uufunike na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vichipukizi. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, uusugue ili vichipukizi vidondoke, upepete, kisha usage.

Pika uji mzito, epua, subiri upoe kidogo. Ukiweka kimea kwenye uji unaochemka, kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya kazi. Weka kijiko kimoja cha chakula, koroga, subiri kama dakika kumi. Ukishalainika, urudishe motoni uchemke kidogo kuua vijidudu, halafu umpe mtoto ukiwa vuguvugu.

Mambo mawili usiyapuuze. La kwanza, nafaka iliyoota ikinuka uvundo au ikibadilika rangi kwa ukungu, itupe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. La pili, usitumie mtama ulioota kwa mtoto, maana machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi.

Na kimea hakiongezi virutubisho ambavyo havimo kwenye uji. Kinafungua nafasi tu, ya kuweka chakula zaidi katika tumbo dogo. Nafasi hiyo ijazwe kwa karanga zilizosagwa, yai, maziwa, maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusaga, parachichi, mboga za majani. Mahindi peke yake, yawe mazito au mepesi, hayajengi mfupa. Mtoto wa umri huu ale mara tatu au nne kwa siku, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Kwa wakubwa hesabu ni nyingine. Mtu mzima ana tumbo la kutosha, na nyuzinyuzi za dona zinamfaa. Mashineni tukikoboa mahindi, ganda na kiini chenye mafuta na vitamini vinaondoka pamoja na pumba, kisha tunampelekea nguruwe na kubaki na unga mweupe. Familia ikila dona iliyosagwa kutoka mahindi makavu, yaliyochambuliwa vizuri, inabaki na kile ilichokilima.

Miezi mitatu baadaye

Binti wa dada yangu alipopimwa akiwa na miezi 14, alikuwa na kilo 8.1 na sentimita 70 na nusu. Uzito umepanda, mstari umeacha kulala. Urefu bado uko chini kidogo ya mstari. Muuguzi alisema waendelee, na kwamba muda uliobaki mpaka atimize miaka miwili ndio wa kushikilia, kwa kuwa baada ya hapo urefu uliopotea ni mgumu kurudi.

Dada amepunguza siku za soko, jambo ambalo kwa mfuko wa nyumba si dogo. Mume wake sasa ndiye anayepeleka ulezi mashineni. Na juu ya dari la jiko kuna mifuko miwili ya kimea: mmoja mkubwa wa komoni, mwingine mdogo umefungwa kwa uzi mwekundu. Mama mkwe amepiga marufuku mtu yeyote kuugusa ule mdogo. Wateja wa komoni wakimwuliza ni wa nini, anawajibu kwamba huo ni wa mtu anayekua.